Kigari cha Mchangani

Mchanga wa Griftu hauna undugu na ule wa Diani mnaopigia picha. Wetu ni laini kama unga uliochekechwa mara mbili. Unaingia kwenye chai, kwenye tundu la chaji ya simu, kwenye madaftari ya darasa la nne ninayosahihisha jioni. Kiangazi kikishika, mguu unazama mpaka kifundoni, na humo chini kuna miba ya migunga, imelala kimya ikingoja slipasi yako.

Sasa mtu wa hapa akikwambia anatafuta strola, cheka tu, una ruhusa. Mume wangu alicheka. Yeye yuko Eastleigh, anauza vitambaa katika duka la binamu yake, na nilimpigia simu usiku mmoja, mimba ikiwa na miezi sita, kumwambia aanze kutafuta.

“Mwalimu, hiyo utaisukumia wapi? Kutoka kitandani mpaka mlangoni?”

Nikamwambia kutoka nyumbani hadi shuleni, kutoka shuleni hadi zahanati, na kwa wauza maziwa. Akanyamaza. Sababu anaijua.

Mguu wangu wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia kwa upana wa vidole viwili. Nilikuwa na miaka tisa nilipoanguka kutoka kwenye mkokoteni wa punda uliobeba maji, gurudumu likapita juu ya paja. Mzee anayejua mifupa aliufunga kwa vijiti, mfupa ukaunga, ila ukaunga unavyotaka wenyewe. Natembea. Nafundisha nikiwa nimesimama siku nzima. Kubeba ndiko kunakonishinda. Kabla sijapata mimba nilimfunga mgongoni mtoto wa dadangu, wa miezi saba, nikajaribu kwenda naye dukani. Sikufika. Katikati ya njia nyonga iliwaka moto, nikashikilia ukuta wa watu mpaka msichana mmoja akaja kunitua mzigo.

Huku kwetu mtoto hubebwa mgongoni. Kisomali kina neno lake kabisa, xambaar, na mtoto anaanza kuijua dunia kwa kuichungulia juu ya bega la mamake. Dada zangu wote wana jibu moja: tutakubebea. Wanasema kwa mapenzi, na najua watafanya hivyo bila kunung'unika. Lakini mimi nawaza mtoto anayejua jasho la kila mgongo katika boma hili isipokuwa wangu. Anayelia akiwa kwangu na kunyamaza akirudishwa kwa shangazi. Hilo silitaki, na sitaki kulielezea sana pia.

Basi nikaanza kusoma juu ya vigari vya watoto kama mtu anayesomea mtihani. Inasemekana kile cha kwanza kilichojulikana kilitengenezwa Uingereza mwaka 1733 na William Kent, kwa ajili ya watoto wa Duke wa Devonshire, na kilivutwa na mbuzi au farasi mdogo. Mbuzi! Hapo nilicheka peke yangu. Mbuzi tunao, au tuseme tulikuwa nao, kabla mvua hazijakosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020. Halafu kuna Owen Maclaren, mhandisi aliyewahi kushughulikia magurudumu ya kutulia ya ndege za kivita za Spitfire. Mwaka 1965 alisajili hataza ya kigari chepesi kinachokunjika kama mwavuli. Karibu kila strola ya bei nafuu utakayoona Nairobi ni mjukuu wa kile. Magurudumu madogo ya plastiki, mawili mawili, yanayozunguka kama ya kitoroli cha supamaketi. Kwenye vigae vya mall yanateleza vizuri sana. Hapa yangegeuka jembe.

Ayeyo wangu alikuwa na hoja zake, na hazikuwa za magurudumu. Mtoto hanunuliwi kitu kabla hajazaliwa. Si nguo, si beseni, na jina ndilo kabisa halitajwi. Kununua ni kujigamba, na majigambo yana macho yanayoyatazama. “Na utakaa ndani siku arobaini,” akasema. “Haraka ya nini?”

Vijana wa Nairobi wanaweza kuliita hilo ushirikina. Mimi siliiti hivyo, kwa sababu najua limetoka wapi. Takwimu zilizotolewa 2014, kutokana na sensa ya 2009, ziliiweka Wajir kwenye vifo 1,683 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Mandera walikuwa 3,795. Nyuma ya kila nambari hiyo kuna nyumba ambamo huenda palikuwa na nguo ndogo zilizokunjwa tayari, na mtu akalazimika kuzikunjua, au kuzigawa, au kuzificha mahali pasipoonekana. Ayeyo amezika binti kwa uzazi. Anaposema usinunue, anajaribu kunipunguzia vitu vya kukunjua.

Lakini hesabu zangu nazo zilikuwa na haki yake. Mwalimu wa TSC anapata siku 120 za likizo ya uzazi. Zikiisha narudi darasani, na mtoto atakuwa na miezi minne. Pesa iko sasa. Akizaliwa tu, kuna wanqal, kuna mbuzi wa kuchinja, kuna wageni kutoka Eldas na Wajir wanaohitaji kulishwa, na shilingi ya strola itakuwa imeliwa na pilau.

Tulizungumza siku tatu, mimi na Ayeyo. Ya pili alinisimulia jinsi yeye mwenyewe alivyobebwa. Familia ilipohama, nyumba ilivunjwa, vijiti na mikeka ya herio vikapangwa juu ya ngamia wa mizigo, na katikati pakaachwa kiota. Humo waliwekwa watoto wadogo na wanambuzi waliozaliwa njiani, pamoja, wakilala juu kwa juu mchana kutwa. Mama alitembea mbele ameshika kamba.

“Hakukubeba?” nikauliza.

“Angenibebaje, na nyumba nzima inahama? Ngamia alinibeba. Mama alimwongoza ngamia.”

Sikusema kitu. Niliandika tu hayo maneno nyuma ya daftari la hesabu la mtoto wa watu.

Halafu nikawaza unyayo wa ngamia. Hauna kwato ngumu ya kuchimba. Ni mto mpana wa nyama, na akiukanyagia mchanga unatanuka. Uzito unasambaa, hauzami. Madereva wa malori wanajua hila hiyo: wakifika mchanga mzito wanapunguza upepo kwenye tairi ili itandae. Kwa hiyo nilichohitaji kilikuwa wazi. Magurudumu matatu, makubwa, yenye tyubu na upepo. Wazungu huviunda vigari hivyo kwa wazazi wanaotaka kukimbia mazoezi asubuhi na mtoto. Mimi sijakimbia tangu nikiwa na miaka tisa, lakini hilo si lazima tairi lijue.

Nikamtumia mume wangu masharti kwa WhatsApp. Gurudumu la nyuma lisipungue inchi 12. La mbele liweze kufungwa lielekee mbele, maana likiachwa lizunguke litapinda kwenye mchanga. Vali iwe kama ya pikipiki, ili kijana yeyote wa bodaboda aweze kuijaza kwa pampu yake, kwa sababu miba itatoboa tu. Kiti kilale chini kabisa, maana mtoto wa miezi minne shingo na mgongo bado ni vya kubembelezwa. Kofia ya kivuli iwe ndefu na pande zipitishe hewa. (Tafadhali, popote ulipo, usifunike kigari kwa leso ukidhani unamkinga mtoto na jua, ndani panageuka tanuri.) Na breki ya mkono, pamoja na ugwe wa kufunga kiganjani. Hiyo kwangu ndiyo ya kwanza. Mtu mwenye mguu kama wangu huegemea anachosukuma bila kujijua, na kitu chenye magurudumu hakiegemewi, kinakimbia.

Alizunguka Gikomba Jumapili mbili. Picha zilikuja kama matangazo: nyekundu, ya kijivu, moja ina vipepeo. Kipya cha aina hiyo kwenye duka la Eastleigh kilitajwa kwa bei ya ngamia mchanga, tukakisahau. Hatimaye akapata cha mitumba, cheusi, shilingi elfu tisa baada ya kubishana, makombo ya biskuti ya mtoto wa Ulaya bado yako kwenye mshono wa kiti. Nikamwambia asilipe kwanza. Akijaribu.

Akajaribu wapi? Kwenye mjengo. Eastleigh haikosi rundo la mchanga barabarani. Alinunua mchele kilo tano, akaufunga mikanda vizuri, akausukuma juu ya mchanga wa watu. Mafundi waliacha kazi. Mmoja akapaaza sauti, “Mzee, huyo mtoto amefanana na Mwea!” Video ninayo. Gurudumu linazama kidogo, linasita, halafu linapanda. Nimeitazama mara nyingi kuliko video ya harusi yetu.

Kikaja kwa basi kupitia Garissa, Modogashe, na Habaswein, mji ambao jina lake lenyewe maana yake ni vumbi kubwa, kisha kikapanda Probox kutoka Wajir. Kilifika kikiwa rangi ya barabara.

Ayeyo alikizunguka. Akauliza kama ni kipya. Nikasema hapana, ni cha mtoto mwingine. Akauliza kama mtoto huyo alikua. Nikasema naamini alikua, ndiyo maana kimeuzwa. Akafikiri.

“Basi hujamnunulia mtu kitu,” akasema. “Umenunua mkokoteni. Ubebeshe kazi nyingine kwanza.”

Kwa hiyo wiki tano sasa kigari changu kinabeba madaftari. Arobaini na nane, pamoja na chupa ya maji na sanduku la chaki. Nimejifunza kwamba upepo ukijaa sana kinadunda na kuchimba, ukipungua kidogo kinaelea. Pancha mbili tayari, zote za mbele. Breki ninaitumia kila baada ya hatua chache kwenye mteremko wa lango la shule, na nyonga hainisumbui kama zamani. Siku ya kwanza mvulana mmoja wa darasa langu, mwenye adabu sana, aliniuliza, “Mwalimu, hicho ni kiti chako cha mguu?” Wenzake wakamkanyaga. Nikamwambia ni mkokoteni wa madaftari. Watu wazima hawaulizi, wanatazama tu, na macho yao yanatoka kwenye kigari yanakwenda kwenye mguu, halafu tumbo, halafu yanarudi kwenye kigari. Nawaacha wajumlishe.

Wiki ijayo naenda Wajir kukaa kwa shangazi, karibu na hospitali, mpaka siku itakapofika. Hiyo Ayeyo hakuipinga hata kidogo. Ni yeye aliyechagua shangazi yupi. Nilitaka kukiacha kigari hapa. Jana jioni nimemkuta ameinama, anabonyeza tairi la nyuma kwa dole gumba, jinsi anavyobonyeza nundu ya ngamia kabla ya kutaja bei.

“Lina upepo mwingi,” akasema. “Mchanga wa Wajir si kama huu. Muulize dereva kama atakifunga juu.”