Waliofungua Njia ya Hewani

Dominika moja baada ya Misa tulikaa chini ya miembe ya misioni, tukamsikiliza mwalimu mzee akitusimulia mambo ya zamani. Alichagua habari za Edmond Thieffry, Mbelgiji, mwanasheria na rubani, aliyetangulia kuruka kwa ndege toka Ubelgiji hata Kongo.

Aliondoka Bruxelles tarehe 12 Februari 1925 pamoja na rubani Léopold Roger na fundi Joseph De Bruycker. Ndege yao ilikuwa na mashine tatu. Walivuka bahari ya Mediteranea na jangwa la Sahara, wakafika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, tarehe 3 Aprili. Siku 51 njiani!

Mwaka wa 1928 alijaribu tena mara mbili, asifike. Hakukata tamaa. Mwaka wa 1929 alikuwa Kongo akitafuta njia za ndege za ndani ya nchi. Tarehe 11 Aprili ndege yake ikaanguka katika dhoruba, karibu na ziwa Tanganyika, akafa.

Kijana mmoja akauliza: «Basi, mwalimu, alikufa bure?»

Kabla mwalimu hajajibu, mama mmoja mzee akasema: «Ninyi mnamtaja aliyeruka. Nani alifyeka mahali pa kutua?»

Tukanyamaza. Majina ya wale watatu yameandikwa vitabuni. Ya wenye majembe, nani anayajua?

Tena tulijua kwa nini anauliza. Wakati wa mvua zilizopita mjukuu wake aliugua sana, na barabara ya hospitali ilikuwa imekatika. Ndege ndogo ilikuja kumchukua. Ikazunguka mara mbili juu ya kiwanja chetu, ikarudi, kwa sababu majani yalikuwa marefu. Tukambeba mtoto kwa kipoyi. Siku ya pili akafa njiani. Majani yale tulikuwa tukiyapita kila siku, kila mtu akimngojea mwenzake.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda na mapanga na majembe, wake kwa waume, na mama yule mbele yetu. Tangu siku hiyo kila kijiji kina zamu yake ya kufyeka.

Thieffry hakufa bure, ikiwa njia aliyoifungua haitazibwa na uvivu wetu. Mungu ampokee mtoto yule, nasi atujalie mikono isiyolegea.