Picha za Familia Tuziweke Wapi?



Wapendwa waamini, juma hili alinijia mama mjane, ambaye habari zake nazisimulia kwa ruhusa yake. Mumewe alikuwa mchimbaji mdogo huko Nyarugusu, Geita. Watoto wametawanyika: mmoja yuko Kahama, mwingine Mwanza, na kitinda mimba anasoma Shinyanga mjini. Picha zote za familia zilikuwa katika simu ya marehemu na katika akaunti yake ya mtandaoni. Simu ilitumbukia katika maji ya duara, na neno la siri alilijua yeye peke yake. Siku ya mazishi, juu ya jeneza iliwekwa picha ya kitambulisho iliyokuzwa hata uso ukawa kama ukungu.

“Baba,” akaniuliza, “watoto wanabishana kuhusu tovuti ya kuwekea picha. Wewe unatushauri ipi?”

Niliona haya kujibu haraka. Miaka mingi iliyopita mimi mwenyewe niliweka picha za marehemu mama yangu, akipepeta mtama, katika tovuti moja ya bure. Ilipofungwa, taarifa ilitumwa kwenye anwani ya barua pepe niliyokuwa nimekwisha kuiacha. Sina nakala hata moja.

Bure ya mtandaoni ina siku zake. Yahoo Photos ilifungwa mwaka 2007. Google Photos, iliyoanza mwaka 2015, ilipokea bila kikomo picha zilizopunguzwa ubora kidogo, hadi tarehe 1 Juni 2021. Tangu hapo picha mpya hugawana gigabaiti 15 za bure na barua pepe zako. Flickr nayo, tangu mwaka 2019, humruhusu asiyelipa kuweka picha 1,000 tu. Na kundi la WhatsApp, ambalo wengi wetu tumelifanya albamu, kwa kawaida hupunguza ubora wa picha, nazo hukaa katika simu za waliozipokea.

Nilimshauri watumie Google Photos, kwa sababu tayari imo katika simu zao na kila mtoto aweza kuongeza picha katika albamu ya pamoja. Lakini kila mmoja ahifadhi nakala katika akaunti yake, maana mwenye picha akiiondoa kwenye albamu, wenzake nao huikosa. Albamu ikifunguliwa kwa kiungo, yeyote atakayekipata ataziona, hata zile za watoto wakiogeshwa. Picha chache zilizo bora zikasafishwe studio, na majina yaandikwe nyuma kwa kalamu. Tena, katika mipangilio ya akaunti ya Google mna mahali pa kumtaja mtu atakayekabidhiwa vitu vyako endapo akaunti itakaa muda mrefu bila kutumika. Marehemu hakupajua mahali hapo. Mimi nimepajaza juzi tu.

Ndipo nikamwuliza mumewe alifariki lini. Mwaka mmoja na miezi saba sasa. Nikashtuka, kwani akaunti isiyotumika kwa miaka 2 Google yaweza kuifuta pamoja na picha zake. Ndugu wa marehemu wanaweza kuomba wapewe yaliyomo, ingawa hakuna ahadi kwamba ombi litakubaliwa. Cheti cha kifo anacho. Kijana wa Kahama anakuja Jumamosi. Tutajaza fomu hiyo katika ofisi ya parokia, baada ya Misa ya asubuhi.