Mbu wa Mchana Huzaliwa Uani Kwetu

Akina mama wenzangu, wengi wetu tunategemea chandarua, na ni vyema, kwani mbu wa malaria huuma hasa usiku. Lakini yuko mbu mwingine, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, aumaye mchana, hasa asubuhi na jioni kabla jua halijazama. Huyu ndiye aenezaye homa ya dengue, yaani kidingapopo.

Mwaka 2019 homa hiyo ilipozagaa Dar es Salaam, ilimpata binti yetu aliyekuwa akilala ndani ya chandarua kila usiku. Alilalamika maumivu nyuma ya macho na kwenye viungo. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Kipimo cha pili ndicho kilichotoa jibu. Dawa ya kuua virusi hivyo haipo. Alipewa parasetamoli na kuhimizwa anywe maji mengi. Daktari alitukataza kumpa aspirini, kwa kuwa inaweza kuzidisha hatari ya kutoka damu. Tunamshukuru Mungu, alipona.

Mtaani kwetu maji hutoka kwa mgawo, kwa hiyo hatuwezi kukaa bila pipa la akiba. Mbu huyu naye hupenda maji hayo hayo. Jike hutuuma kwa sababu anahitaji damu ili atengeneze mayai. Kisha huyabandika ndani ya pipa, juu kidogo ya maji, au kwenye matairi, vifuu na sahani za vyungu vya maua. Mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa, na maji yakiyafikia huanguliwa yakawa viluwiluwi. Ndiyo maana kumwaga maji tu hakutoshi. Ni lazima kusugua kuta za chombo.

Katika joto letu, yai huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi siku kumi hivi. Kwa hiyo kila Jumamosi mimi nasugua pipa kwa brashi na sabuni, nalifunika vizuri, na baba watoto anakusanya vifuu na makopo.

Mbu huyu kwa kawaida haruki mbali na mahali alipozaliwa. Anayemwuma mtoto wangu huenda ametoka kwangu au kwa jirani. Hivyo nikimaliza kwangu, hupiga hodi kwa mama wa nyumba ya pili, tukaangalia na pipa lake pamoja.