Volti Moja na Robo

Ukutani kwangu kuna volti 230. Prosesa ya kompyuta yangu inatumia 1.25. Wageni wakiingia chumbani wanaogopa zile za ukutani, wanaruka waya kama wanaruka nyoka, lakini mimi kinachoninyima usingizi ni hiyo moja na robo. Volti zikiwa chache, ampea lazima ziwe nyingi ili kazi iwe ileile. Wati 100 kwa volti 1.25 ni ampea 80, na zote zinapita kwenye kipande cha silikoni kinachotoshana na ukucha wa kidole gumba.

Prosesa yenyewe ni Intel Core i7-2600K, toleo la Januari 2011. Mjomba aliyekuwa Ujerumani alituletea mashine nzima alipokuwa anafungasha kurudi. Bahati yetu ilikuwa kwenye herufi K. Kompyuta nyingi za mitumba zinazouzwa hapa Moshi zimetoka kwenye maofisi ya watu, na prosesa zake zimefungwa: kasi ya kiwandani ndiyo utakayokufa nayo. Yenye K imeachwa wazi. Unaingia kwenye BIOS, unabadilisha kizidisho kutoka 35 kwenda 42, na ile megahezi 100 ya msingi inazidishwa mara 42 badala ya 35. Gigahezi 4.2. Vijana tunaita kuovakloki.

Sifanyi kwa ajili ya magemu. Ninahariri video za sherehe, na mji huu una msimu wake. Desemba Wachagga wanarudi nyumbani, barabara za kupanda milimani zinajaa magari yenye namba za kila aina, na ndani ya wiki mbili kunakuwa na harusi, ubatizo, kumbukumbu ya babu aliyefariki miaka kumi iliyopita na kikao cha ukoo ambacho nacho lazima kirekodiwe. Kila mtu anataka kazi yake kabla hajapanda basi la Januari 2. Video ndefu moja, prosesa ikiwa kwenye gigahezi 3.5 za kawaida kwa kore zote nne, ilikuwa inachukua saa 6 kurenda. Nikiweka 4.2 inachukua 5. Saa moja kwa kila kazi, mara kazi kumi na tano. Ada ya chuo ya mdogo wangu imo humo.

Na mdogo wangu ndiye anayetaka 4.5.

"Bro, watu wanafika mpaka 5.0 na hiyohiyo chipu."

"Watu wa wapi, dogo?"

Nilimkalisha tukapiga hesabu. Joto la prosesa linapanda sawasawa na kasi, lakini linapanda na volti mara mbili yake, yaani volti zidisha kwa volti. Mashine yangu kwenye 3.5 ilitosheka na 1.20. Kwa 4.2 inataka 1.25. Kwa 4.5 haikai sawa chini ya 1.34, nimejaribu na Prime95 usiku kucha. Sasa zidisha. Kwenda 4.2 kunaongeza kasi asilimia 20 na joto kama asilimia 30. Kwenda 4.5 kunaongeza kasi asilimia 29, na joto asilimia 60. Kazi ya saa 5 itashuka mpaka saa 4 na dakika 40. Yaani tunapika chipu kwa dakika ishirini, ambazo mteja mwenyewe atazitumia kutafuta maegesho.

Akaja na hoja nyingine. Amesoma karatasi ya Intel ya prosesa hii, na kweli imeandika 1.52. Hiyo namba imeua chipu za watu wengi. Ni mwisho wa jedwali la volti ambazo prosesa inaweza kuiomba mazabodi. Hakuna mahali Intel walipokuambia uishi hapo. Spidomita ya daladala nayo imeandikwa 180. Waliokaa na kizazi hiki miaka mingi wengi wao walisimama kwenye 1.35 au chini kidogo kwa matumizi ya kila siku, nao walikuwa na vyumba vya nyuzi 20.

Hapo ndipo sisi tunapotofautiana na watu wa mtandaoni. Feni ya kawaida haiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Inachoweza ni kupunguza tofauti kati yao. Kwenye 4.2 tofauti yangu ni kama nyuzi 45. Julai, mlima ukiwa umejifunika na chumba kina nyuzi 22, kore zinasoma 67. Februari saa nane mchana, chini ya bati, chumba kina 33 na kore zinasoma 78. Ningekuwa kwenye 4.5 zingesoma karibu 88, na hapo ni kabla ya vumbi. Kikomo cha chipu hii ni 98, ikifika inajipunguza kasi yenyewe, kwa hiyo ungekuwa umelipia mwendo ambao hupewi. Mimi mstari wangu ni 80, na ninaupima Februari. Julai kila mtu ni fundi.

Kuna na jambo la mwinuko. Moshi mjini tuko karibu mita 850 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa karibu asilimia 8 hadi 10, na feni inazungusha ujazo uleule lakini uzito pungufu, kwa hiyo inabeba joto pungufu.

Bibi yangu wa Marangu aliposikia habari za joto akasema, "Mjukuu wangu, si uilete huku uiweke karibu na mfongo?" Wenzetu wa mjini walicheka, mimi nikaenda kupiga hesabu. Marangu iko juu kwa mita 500 hivi, na kwa kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua kama nyuzi 6. Unapata nyuzi 3. Lakini hewa nayo imezidi kuwa nyepesi, na sehemu nzuri ya hizo 3 inarudi. Tena mteja atapanda mlima kufuata flashi? Nilimshukuru bibi, nikaleta ndizi.

Nilichofanya ni vitu vidogo. Nimekata ubavu wa kasha na kuweka feni pana inayozunguka polepole. Soksi nyembamba ya nailoni imefunika mlango wa hewa, ninaifua kila Jumamosi wakati wa kiangazi. Pesti kati ya prosesa na hitisinki ninabadilisha kila Novemba. Na volti sijawahi kuiachia mazabodi ijichagulie yenyewe. Mazabodi nyingi zikiachiwa hutoa zaidi ya inayotakiwa, maana aliyezitengeneza anaogopa malalamiko ya kukwama, hayatamfikia ya chipu iliyokufa mwaka wa sita.

Maana chipu haifi kwa kishindo. Mkondo mkubwa unasukuma atomi za chuma ndani ya vijinyaya vyake, kidogo kidogo, na joto linaharakisha. Dalili ya kwanza ni kwamba kasi ileile inaanza kudai volti zaidi. Hata viwandani wamelionja hilo: mwaka 2024 Intel walikiri kwamba prosesa zao za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zinaomba volti kubwa mno na kudhoofika, zikiwemo za watu ambao hawakugusa chochote. Agosti wakatoa marekebisho ya kuzizuia kuomba zaidi ya 1.55, wakaongeza waranti kwa miaka miwili. Waranti yangu mimi ni mjomba, naye amestaafu.

Nina daftari. Desemba ya kwanza, 4.2 kwa 1.250. Mwaka uliofuata, 1.250. Halafu 1.255. Desemba iliyopita, katikati ya harusi ya watu wa Kibosho, skrini ikaganda mara mbili, na haikutulia mpaka nilipofika 1.265.

Dogo akaangalia ile safu ya namba kwa muda mrefu. "Si uongeze tu mpaka 1.28 ulale?"

Mwezi huu nimeshusha kizidisho kuwa 40, na volti 1.225. Kazi ya saa 5 sasa inachukua saa 5 na robo. Wateja wa Desemba nimeanza kuwaambia mapema: wa tarehe 30 watachukua flashi Januari, au nitawatumia kwa basi.