Swali la Bibi Sikulijibu

Mimi ni mwalimu wa dini hapa Kasulu, na kosa ninaloliungama nililitenda kwa nia njema. Nia hiyo haikumsaidia aliyeumia.

Katika jumuiya yetu tulianza kujadili imani za jadi. Nilikuwa nimechoshwa na mahubiri ya kulaani kila kitu cha kabila letu la Waha: tambiko ni ushetani, mizimu ni ushetani, hata ngoma ya harusi ni ushetani. Nikamsoma John Mbiti, padri wa Kianglikana kutoka Kitui, Kenya, ambaye tangu kitabu chake cha mwaka 1969 alitetea kwamba Waafrika walimjua Mungu kabla ya mmisionari wa kwanza kutia mguu. Nikamsoma na Padri Laurenti Magesa wa Jimbo la Musoma. Nilipowaambia wazee kwamba Imana waliyemwomba babu zetu ndiye Mungu tunayemwabudu Jumapili, wapo waliofuta machozi. Hilo naliamini hadi leo, wala sitarudi nyuma.

Ila nilizungumza kana kwamba mila imemkalia kila mtu sawasawa. Waliotawala mazungumzo walikuwa wazee wa kiume, wenye sauti kijijini. Kina mama walikaa mkekani karibu na mlango, wengine wakichambua maharage. Jioni moja bibi mmoja mjane, macho yake mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote, aliweka ungo chini akauliza: "Mwalimu, na sisi tunaoitwa wachawi, hicho kitabu kinasemaje?"

Watu walitazama chini. Nikamjibu kwa upole, "Bibi, leo tunaongelea mazuri ya mila. Hayo tutayazungumza siku nyingine." Akaurudia ungo wake.

Jibu nilikuwa nalo mkononi. Magesa, katika kitabu chake cha mwaka 1997, anapima maadili ya Kiafrika kwa uzima: kinachokuza uhai ni chema, kinachoubomoa ni adui. Ningelisema hivyo tu, bibi angepata mtetezi. Lakini ningewaudhi wazee, na mimi nilikuwa nimeanza kupenda kusifiwa nao. Nilialikwa hadi Kibondo kuwafundisha viongozi wa jumuiya, nikayarudia yaleyale, nikapigiwa makofi. Siku nyingine niliyomwahidi bibi haikufika.

Wakaja kamchape. Kigoma tunawajua, wengine huwaita lambalamba. Kijiji kiliwaita, kaya zikachangishana fedha, wakapita nyumba hadi nyumba "kufukua uchawi". Wanajiita waganga wa jadi, na watu huwapokea kama urithi wa mababu, ingawa mchape wenyewe ulienea kutoka Nyasaland miaka ya 1930. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, inamtia hatiani anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Sheria hiyo siku ile haikuwa na mtu wa kuisema.

Kwa bibi walichimba nyuma ya jiko. Ilikuwa msimu wa mvua, udongo unanata kwenye jembe, lakini pembe waliyoiinua ilikuwa imefungwa kitambaa cheusi kikavu. Nilikuwa nimesimama karibu. Nilikiona kile kitambaa, nikaelewa, nikanyamaza. Watu walianza kupiga kelele, na mimi nikaogopa kwamba nikifungua mdomo nitaunganishwa naye.

Baadhi ya waliochanga fedha walikuwa wanajumuiya wangu. Mmoja aliniambia baadaye, bila ubaya wowote, "Mwalimu, si wewe uliyetufundisha tusidharau ya wazee?" Sikuwa na la kumjibu.

Bibi alihamia kwa binti yake, Kibondo. Nilimfuata kuomba radhi. Alinikaribisha, akaniandalia ugali wa muhogo, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Nilikuuliza mapema, mwanangu." Hakuongeza neno. Shamba lake Kasulu sasa linalimwa na wengine.

Walimu wenzangu wa Kasulu, Kibondo na kwingineko, mijadala hii msiiache, maana Imana wa babu zetu anastahili heshima. Ila kabla hamjawapa wazee nafasi ya kusifu mila, waulizeni wajane imewatendea nini, na mkae mpaka wamalize kusema. Na mkisikia kaya zinachangishwa kwa ajili ya kamchape, nendeni kwa mtendaji na polisi siku hiyohiyo, kabla jembe halijafika uani kwa mtu.