Siku Tatu Migombani

Akina mama wenzetu, mwaka wa 20 wa ndoa ulitukuta tukizungumza karo na madeni tu. Tuliwaacha watoto kwa shangazi yao, tukapanda basi hadi Marangu, miteremkoni mwa Kilimanjaro.

Mwenyeji wetu, bibi mjane, alitulaza chumba kilicho ndani ya kihamba chake: juu migomba, chini yake kahawa, ng'ombe bandani wakiletewa majani. Usiku tulisikia maji ya mfereji, ambayo majirani hugawana kwa zamu. Alitupikia mtori, supu ya ndizi na nyama wanayopewa wazazi. "Nanyi mmechoka kama waliojifungua," akacheka.

Siku ya pili alituonyesha masale yaliyopandwa mpakani. Kwa Wachaga, anayeomba radhi huleta jani lake, na aliyekosewa hatakiwi kulikataa. Tulinyamaza. Kulikuwa na mkopo uliochukuliwa bila kushauriana, na kwa miaka miwili hatukuwa tumeutaja.

Jioni baba watoto alirudi kutoka mpakani na jani mkononi. Tulisali, kisha tukakaa barazani tukizungumza hadi taa ya chemli ilipoishiwa mafuta.