Kilichotuzeesha

Panya wa maabara akitimiza miaka miwili ni mzee mwenzangu. Manyoya yamepauka, anakwenda kwa kujivuta, na nyuma ya mfupa wa kifua chake, juu kidogo ya moyo, kuna tezi ambayo sasa utaitafuta kwa taabu katikati ya mafuta. Ndiyo thaimasi. Panya huyohuyo alipokuwa na miezi miwili mitatu, tezi hiyo ilikuwa nene, yenye pande mbili, imejaa seli changa.

Namtaja panya kwa sababu wazee wa rika langu, tukikutana misibani (siku hizi ndiko tunakokutana), tuna mazoea ya kuutupia umri kila lawama. Magoti ni umri. Kifua kisichopona ni umri. Mwenzetu akifa kwa homa ambayo mjukuu wake aliilalia siku mbili akaamka, tunasema umri tena, kisha tunapitishiana kahawa. Mimi nadhani umri unasingiziwa mengi.

Kazi ya thaimasi ni kufunda. Seli nyeupe za damu ziitwazo seli T chimbuko lao ni uboho wa mifupa, zikiwa hazijui lolote, kisha huingia kwenye tezi hii kama vijana waingiavyo kumbini. Humo hufundishwa kumtambua adui na, jambo gumu zaidi, kutoushambulia mwili wenyewe. Masharti ni makali kuliko ya jando lolote: nyingi mno hufia humohumo, na zinazohitimu hazifiki tano katika kila mia. Hizo chache ndizo huulinda mwili, baadhi kwa miaka mingi. Kazi hii haikujulikana hadi 1961, Jacques Miller alipowatoa thaimasi panya wadogo waliozaliwa punde, huko London. Walidhoofika, wakaandamwa na maradhi, na ngozi ya panya wa ukoo mwingine ikabandikwa juu yao isikataliwe. Kabla ya hapo watu walikuwa wakiitoa kwa wanyama wazima na kuona hakuna kilichoharibika, wakadhani ni nyama isiyo na kazi. Kumbe kwa mnyama mzima walinzi walikwisha kuhitimu na kutoka.

Na kumbi hili halingoji uzee ndipo lianze kufungwa. Kwa panya thaimasi huanza kusinyaa mara tu baada ya kubalehe. Tabaka la nje, lililosongamana seli changa, huwa jembamba. Mpaka kati yake na tabaka la ndani hufifia. Mafuta yanajaza nafasi. Kwetu wanadamu ni vivyo hivyo. Kijana anayenipisha kitini kwenye daladala, tezi yake imeshaanza safari hiyo, tena zamani.

Lakini kuna njia nyingine ya kuisinyaza, ya haraka. Mwaka 1936 Hans Selye, akiwa Montreal, aliwaweka panya kwenye baridi, akawajeruhi, akawachosha kupita kiasi, akawapa sumu kidogo. Mateso yalikuwa tofauti, lakini majibu yakafanana: tezi zilizo juu ya figo zikavimba, tumbo likapata vidonda, thaimasi ikanywea. Panya kijana akawa na thaimasi ya panya mzee. Leo tunajua kwamba homoni za dhiki huziua zile seli changa kwa wingi, na kwamba mateso yakiondoka mapema tezi hurudi.

Kuna kizazi cha madaktari wa Ulaya na Marekani ambacho hakikulijua hilo, na watoto ndio walioumia. Maiti walizojifunzia vyuoni zilikuwa nyingi za maskini, watu waliokufa baada ya njaa na maradhi ya muda mrefu, thaimasi zao zimekwisha. Basi mtoto mwenye afya alipokufa ghafla na kukutwa na tezi kubwa, walisema tezi ndiyo iliyomkaba pumzi. Kuanzia 1907 wakaanza kuwachoma watoto kwa mionzi ili kuipunguza. Mwaka 1950 ikaandikwa ripoti ya watoto wenye saratani ya tezi ya shingo, baadhi yao wakiwa wamepigwa mionzi hiyo wangali wachanga. Dhiki ya maskini ilikuwa imefanywa kipimo cha afya. Sijasoma kosa la kitabibu linaloniudhi kuliko hilo.

Ndiyo maana namheshimu panya wa maabara. Anakula kwa wakati, taa huwashwa na kuzimwa kwa saa, hajui paka wala masika, na bado thaimasi yake husinyaa. Kwake unauona umri peke yake. Tena hata huo si ukuta wa zege: mwaka 1986 Keith Kelley na wenzake, Illinois, waliwapandikiza panya wazee seli zinazotoa homoni ya ukuaji, na thaimasi zao zikakua upya. Kumhasi panya dume mzee nako huirudisha. Sijamsikia mzee mwenzangu yeyote akiiulizia tiba hiyo ya pili.

Sisi je? Tuliozaliwa kabla ya Uhuru tulipita mengi kabla mvi hazijaota. Tuliona watoto wa kwashakoo, matumbo makubwa na nywele nyekundu, na inajulikana kuwa thaimasi ya mtoto wa aina hiyo husinyaa vibaya. Tulipita ukame wa 1974 na unga wa mahindi ya njano tuliouita yanga, vita vya Kagera, kisha miaka ya foleni za sukari na sabuni. Huko Gambia, katika kijiji cha Keneba na jirani zake, vizazi na vifo vimeandikwa tangu 1949. Watafiti waliopekua daftari hizo waliona kwamba waliozaliwa miezi ya njaa, kabla mavuno hayajaingia, walikufa zaidi wangali vijana, hasa kwa maradhi ya kuambukiza. Baadaye watoto wachanga walipopimwa, wa msimu wa njaa walionekana kuwa na thaimasi ndogo zaidi. Swali kama hilo lilipoulizwa Bangladesh, tofauti ya vifo haikuonekana, kwa hiyo silishikilii kama msahafu. Lakini nikienda kliniki naulizwa umri wangu kila mara. Sijaulizwa mwaka gani nililala njaa.

Haiwezekani kurudi nyuma na kutugawa, nusu wakae kwenye vizimba vyenye chakula na nusu waende kwenye foleni. Wajukuu zangu wengine hawajakosa mlo hata siku moja. Wakifika umri huu, daktari wa wakati huo atakuwa na wazee wa kulinganisha nasi, kama kumbukumbu zetu zitakuwa zimeandikwa mahali.